Safari Rally ya zamani: nani alibadilisha sheria, na kwa nini bado inauma

Leo tunaweka kando mambo ya programu na seva, tuzungumzie magari. Lakini si kando sana, kwa sababu hadithi ya Safari Rally ni hadithi ya mfumo. Ulitengenezwa na watu wa hapa kwa ajili ya barabara za hapa, dunia ikaupenda, kisha dunia hiyo hiyo ikauandikia sheria upya mpaka ukashindwa kufanya kazi. Aliyewahi kurithi programu ya zamani kazini ataitambua hadithi hii kabla sijafika katikati.

Ukizungumza na mafundi wa gereji za Thika na Ruiru, wale wazee hasa, watakwambia jambo moja bila kusita: Safari iliisha mwaka wa 2002. Ukiwakumbusha kwamba ilirudi mwaka wa 2021, wanatikisa kichwa. Hiyo ni ya televisheni, wanasema. Mimi nilikuwa mtoto mdogo mwaka huo wa 2002, kwa hiyo ninachokijua kimetoka kwa wazee kama hao, kwenye filamu za zamani zilizowekwa mtandaoni, na kwenye majedwali ya matokeo ambayo nimekuwa nikiyaingiza kwenye hifadhidata yangu usiku baada ya kazi. Na nikiyatazama majedwali hayo, naona wazee wana hoja. Si yote, lakini wana hoja.

Toleo la kwanza: gari la dukani, barabara ya kawaida

Mashindano ya kwanza yalifanyika mwishoni mwa Mei 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Yaliitwa East African Coronation Safari, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi: chukua gari kama linavyouzwa dukani, liendeshe maelfu ya kilomita kwenye barabara za Afrika Mashariki, tuone litarudi au halirudi. Hata madaraja ya magari yalipangwa kwa bei ya dukani, si kwa ukubwa wa injini. Yaani swali lilikuwa lile lile ambalo mnunuzi yeyote angeuliza: kwa pesa hizi, gari gani litanifikisha?

Mwaka wa 1954 mshindi alikuwa Vic Preston na Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe. Baadaye zikaja Peugeot 404, Datsun, Ford. Peugeot ilishinda mwaka wa 1963, ikashinda mitatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, kisha 1975 na 1978. Miwili kati ya ile mitatu, 1966 na 1967, ilikuwa kazi ya Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Unapojiuliza kwa nini barabara zetu zilijaa Peugeot 504 za abiria kwa miaka mingi, jibu moja liko hapo. Watu waliona kwa macho yao gari lililovuka matope ya Pasaka.

Sisi wa Thika tuna sababu ya ziada ya kukumbuka majina hayo. Kiwanda cha kuunganisha magari cha hapa, Kenya Vehicle Manufacturers, kilianza mwaka wa 1974 kikiitwa Leyland Kenya. Mwaka wa 2016 Volkswagen ilirudi kuunganisha magari nchini, na ilirudi hapa hapa Thika. Mwaka uliofuata Peugeot nayo ikaja kwenye kiwanda hicho hicho. Kampuni mbili zilizojijengea jina kwenye vumbi la Safari zilipotaka kurudi Kenya, zote zilipita njia ya Thika.

Jinsi mfumo ulivyofanya kazi

Kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu mnapenda kujua kitu kinafanyaje kazi ndani, ngoja nieleze.

Barabara hazikufungwa. Hilo ndilo jambo la kwanza na kubwa. Dereva wa Safari alikimbia kwenye barabara ile ile yenye lori la ndizi, mbuzi, basi na mzee wa baiskeli. Kila gari lilikuwa na kadi. Kati ya kituo kimoja na kingine ulipewa muda maalum, mfupi kiasi kwamba karibu hauwezekani. Ukichelewa, kila dakika inaandikwa kuwa adhabu. Mwisho wa safari, mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Sekunde hazikuwa na maana kubwa. Ukikwama mtoni unapoteza saa nzima, na mwenzako naye atakwama kesho.

Kwa sababu hesabu ilikuwa ya dakika, mwaka wa 1973 jambo la ajabu lilitokea. Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wakiwa kwenye Datsun, walimaliza maelfu ya kilomita wakiwa na adhabu sawa kabisa. Ikabidi sheria ya kuvunja sare itumike, na Mehta akapewa ushindi. Mwaka huo huo ndio Ubingwa wa Dunia wa rali ulianza, na Safari ikawemo tangu msimu wa kwanza.

Na usidhani kumaliza kulikuwa jambo dogo. Mwaka wa 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka wa 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, mwelekezi wake Paddy Cliff, gari Peugeot 404. Piga hesabu: asilimia 8 mara ya kwanza, chini ya hapo mara ya pili. Ningekuwa na programu inayoanguka kiasi hicho ningefukuzwa kazi, lakini hapa kuanguka kwenyewe ndiko kulikuwa kipimo.

Kuna takwimu nyingine ninayoipenda zaidi. Tangu 1953 hadi 1971, kila mshindi alikuwa mkazi wa Afrika Mashariki. Timu za Ulaya zilikuja na pesa, mafundi na madereva mabingwa, zikarudi mikono mitupu. Mgeni wa kwanza kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka wa 1972, akiwa na Ford Escort. Kabla yake, kujua barabara kulikuwa na thamani kuliko kuwa na pesa. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka wa 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant kwenye Volvo iliyokwishatumika kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Gari la mkono wa pili! Akarudia 1974 na 1976 kwenye Mitsubishi Lancer. Ndiyo maana watu walimpa jina la Simba wa Kenya.

Waandishi wa sheria wanaingia

Sasa tuje kwenye uchungu wenyewe.

Kuingia kwenye Ubingwa wa Dunia kuliiletea Safari heshima na viwanda vikubwa. Lakini kulileta pia bosi. Sheria za rali zinaandikwa na shirikisho la dunia la mbio za magari, FIA, na hadi mwaka wa 1993 kazi hiyo ilifanywa na chombo chake kilichoitwa FISA. Mtu anayeandika sheria kwa nchi kumi na kadhaa hutaka jambo moja: kila nchi ifanane na nyingine. Sisi wa kompyuta tunamwelewa. Ni rahisi kutunza mfumo mmoja kuliko kumi. Lakini tunajua pia kinachotokea ukilazimisha kila mteja atumie fomu moja: wale wenye mahitaji tofauti wanaonekana wakorofi.

Safari ilikuwa mkorofi mkubwa. Wenzake waliendesha mikondo mifupi kwenye barabara zilizofungwa, muda ukipimwa kwa sekunde. Safari ilikuwa ndefu mara kadhaa kuliko wao. Timu zilikuja wiki nyingi kabla ya mashindano kufanya mazoezi, zikatengeneza magari maalum yenye vyuma vya mbele na mabomba ya kupumulia juu ya paa, zikakodi hata helikopta za kuruka juu ya gari na kumwonya dereva kuhusu ng'ombe na malori. Gharama zikapanda. Hapo, ndugu msomaji, tuwe wakweli: helikopta hazikuletwa na FIA. Zililetwa na pesa za viwanda, na zilianza kummaliza dereva wa kawaida wa Nairobi au Dar es Salaam kabla sheria hazijamgusa.

Kisha kalenda. Safari ilikuwa sikukuu ya Pasaka, na Pasaka kwetu ni mwanzo wa mvua za masika. Matope yalikuwa sehemu ya mtihani. Mwaka wa 1996 mashindano yalikuwa bado ya Pasaka. Mwaka wa 1998 yakaanzia mwisho wa Februari. Mwaka wa 2001 na 2002 yakawa Julai. Kwa mtu aliyekaa ofisini Ulaya hiyo ni tarehe tu kwenye jedwali. Kwa familia ya hapa ni tofauti kati ya siku nne za mapumziko, chapati kwenye kikapu na watoto kando ya barabara, na siku ya kawaida ya kazi.

Katikati ya miaka ya 1990 kukawa na utaratibu wa zamu, ambapo baadhi ya mashindano hayakuhesabiwa kila mwaka kwenye ubingwa mkuu. Mwaka wa 1995 zamu hiyo iliiangukia Safari. Na tazama ilikuja baada ya nini: mwaka wa 1994 Mkenya Ian Duncan alikuwa ameshinda kwa Toyota Celica, na Patrick Njiru akamaliza wa nne kwa Subaru Impreza. Njiru huyo mwaka mmoja kabla alikuwa amemaliza wa 12 kwa Subaru Vivio, kigari ambacho leo ungekipita pale Makongeni ukidhani ni cha kwenda sokoni. Wenyeji wanafanya vizuri, mwaka unaofuata hesabu inaondolewa. Sisemi kulikuwa na njama. Nasema hakuna aliyeona kwamba kuna cha kupotea.

Mwaka wa 2000 haki za biashara na televisheni za Ubingwa wa Dunia zilinunuliwa na David Richards. Huyu ndiye mwenye Prodrive, kampuni iliyoendesha timu ya Subaru kwenye ubingwa huo huo. Mwenye timu akawa muuza picha. Televisheni nayo ina mahitaji yake: mikondo ya karibu karibu, sehemu moja ya matengenezo, kila kitu kiishe kwa siku tatu. Haki hizo baadaye zikauzwa na kuuzwa tena, mpaka mmiliki wa mwisho akaporomoka mwishoni mwa 2011 na msimu wa 2012 ukaanza bila promota. Hao ndio waliokuwa wakitufundisha sisi maandalizi bora!

Safari ya mwisho ya enzi hiyo ilikuwa Julai 2002. Colin McRae alishinda kwa Ford Focus, ushindi wake wa tatu hapa. Kuanzia 2003 Safari haikuwemo kwenye kalenda. Sababu zilizotolewa zilikuwa fedha na maandalizi, na hapo lawama ni yetu pia. Serikali haikutoa pesa kwa wakati, na wadhamini walikuwa wamechoka. Mfumo haukuuliwa na FIA peke yake. FIA iliandika mahitaji mapya, na sisi tukaacha seva bila umeme.

Waliochukua msimbo wakaanzisha tawi lao

Kwenye programu huria, mradi ukikwama kwa sababu ya wakubwa wake, watu huchukua msimbo wakaanzisha tawi. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka huo huo wa 2003, miaka 50 tangu ile ya kwanza, kulianzishwa East African Safari Classic kwa ajili ya magari ya zamani. Siku nyingi, kilomita nyingi, vumbi kwa wingi. Mwaka wa 2011 Björn Waldegård, aliyekuwa ameshinda Safari yenyewe mara nne, alishinda Classic akiwa na mwanawe Mathias kando yake. Ila Classic ina dosari moja kubwa: gari la zamani lililotayarishwa vizuri ni ghali, na washiriki wengi ni matajiri kutoka nje. Tawi limehifadhi roho ya barabara, lakini lile swali la 1953 kuhusu bei ya dukani limepotea.

Safari yenyewe haikufa. Iliendelea chini ya ubingwa wa Afrika hadi 2019, na Carl Tundo akaishinda mara kadhaa. Mwezi Septemba 2019 FIA ikatangaza kwamba Kenya inarudi kwenye Ubingwa wa Dunia mwaka wa 2020. Aliyeongoza juhudi hizo alikuwa Phineas Kimathi, dereva wa zamani na mkuu wa shirikisho la mbio za magari nchini, na safari hii serikali ilitia mkono. Korona ikasogeza mambo hadi Juni 2021.

Toleo jipya

Hapa naomba tutumie namba. Mwaka wa 2002 Safari ilikuwa na takriban kilomita 1,010 za ushindani kwenye mikondo 12, yaani wastani wa kilomita 84 kwa mkondo. Mwaka wa 2021 ilikuwa na takriban kilomita 320 kwenye mikondo 18, yaani wastani wa chini ya kilomita 18. Mshindi wa 2002 aliendesha kwa karibu saa nane dhidi ya saa. Mshindi wa 2021, Sébastien Ogier, kwa saa tatu na dakika chache, akimshinda Takamoto Katsuta kwa sekunde 21.8. Dakika zimekuwa sekunde. Mazee wa gereji hawakuziona namba hizi, lakini walizihisi.

Hata hivyo sitaki kuwaunga mkono kwa kila kitu. Njoo usimame kwenye daraja la miguu hapa Ruiru jioni moja. Barabara ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012 ikiwa na njia nane, imejaa matatu, boda boda na wanafunzi wanaovuka. Wazee wanakumbuka njia ya kuelekea Mlima Kenya ilipokuwa na gari moja moja. Kurudisha mbio za barabara wazi kwenye nchi ya watu wengi namna hii ni kuua watu. Kufunga barabara ni sahihi. Mtu asikudanganye kwamba kila sheria mpya ni uonevu.

Na toleo jipya limeleta mazuri. Mkondo wa ufunguzi wa 2021 ulikuwa Kasarani, kwa hiyo mtoto wa Ruiru aliweza kupanda matatu moja akaenda kumwona bingwa wa dunia. Mwaka wa 2022 vijana watatu wa Kenya, McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome, walipata nafasi kwenye ubingwa wa dunia wa vijana. Kalle Rovanperä alishinda mwaka wa 2022 na tena 2024, mahali ambapo baba yake Harri alimaliza wa pili mwaka wa 2001 na wa pili tena 2002. Na mwaka wa 2024 mashindano yalirudi wikendi ya Pasaka, tarehe 28 hadi 31 Machi. Kumbe inawezekana! Tarehe ni safu moja tu kwenye jedwali, ilihitaji mtu wa kuuliza.

Kinachoniudhi si kwamba mambo yalibadilika. Ni namna yanavyoamuliwa. Mwezi Machi 2025 madereva walikuja Kenya wakiwa na mgogoro na FIA. Mwezi mmoja kabla, huko Sweden, Adrien Fourmaux alikuwa ametozwa faini ya euro 10,000 kwa neno chafu kwenye mahojiano. Kwa hiyo kwenye Safari, wakifika mwisho wa mkondo na kuwekewa kipaza sauti, madereva walinyamaza au wakajibu kwa lugha za mama zao. Mtazamaji wa Kenya, ambaye kodi yake imechangia mashindano hayo, akabaki kusikiliza Kifini. Mwezi Mei mwaka huo huo FIA ikapunguza kiwango cha msingi cha faini kwa nusu, na ikatenganisha mazingira rasmi ya mahojiano na yale ya joto la mashindano. Jambo ambalo mazungumzo ya siku moja yangelimaliza lilihitaji mgomo wa ukimya kwenye vumbi la Naivasha.

Unaweza kusema labda tatizo ni kwamba hakuna mtu wetu kule juu. Lakini alikuwepo. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilifukuzwa na Amin mwaka wa 1972, mshindi wa Safari mara tano, aliingia baadaye kwenye uongozi wa FIA na kusimamia masuala ya rali hadi alipofariki mwaka wa 2006. Bingwa mkubwa kuliko wote wa Safari alikuwa ndani ya nyumba mlango ulipofungwa. Mtu mmoja mwema kwenye kamati haitoshi ikiwa fomu yenyewe haina nafasi ya kuandika jibu lako.

Kilichobaki mikononi mwetu

Sheria za FIA sitaziandika mimi. Lakini kuna jambo liko ndani ya uwezo wetu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Nilipokuwa nikijaza hifadhidata yangu niliona kwamba tunayo majina ya madereva na waelekezi, lakini safu ya mafundi iko tupu. Nani alibadilisha gia usiku kwenye matope? Nani alichomelea chasisi kando ya barabara kwa dakika 20? Wengi walikuwa mafundi wa huku. Baadhi yao walirudi kwenye gereji za Thika, Ruiru na Nairobi, na wanazeeka.

Uongozi wa mbali ukibadilisha sheria, unaweza kudai zibadilishwe tena. Pasaka ya 2024 ni ushahidi. Lakini kumbukumbu ikipotea hakuna wa kumwandikia barua. Kwa hiyo kama nyumbani kuna kadi ya kituo, programu ya mashindano, picha ya mjomba akiwa ameshika spana karibu na Datsun, tafadhali usiitumie kuwashia jiko. Ipige picha kwa simu, andika mwaka, mahali na majina nyuma yake, mpelekee mtu mwingine nakala. Nakala mbili mahali pawili, kama tunavyofanya na data yoyote tunayoithamini.

Na kama mzee mwenyewe bado yupo, anza na yeye. Picha inaweza kungoja mpaka Jumamosi.